Alama Haijakamilika Hadi Ngozi Ifunge

Mhadhara kwa umma juu ya utunzaji wa tatuu na chale mpya



Ngozi za watu wa Walikale na Masisi, huku kwetu Kivu Kaskazini, Kongo, zimebeba mengi. Wapo wazee wenye chale za ujana wao. Wapo waliochanjwa na mganga wa kienyeji ili dawa iingie mwilini. Wapo vijana waliopita katika makundi ya wapiganaji wa Mai-Mai wakachanjwa kwa imani kwamba risasi haitawapata. Na siku hizi wapo wanaorudi kutoka Goma wakiwa na tatuu ya mashine mkononi au shingoni: jina la mama, msalaba, ua, tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu hizo sizipimi hapa. Ninalolitetea ni jambo moja. Siku wembe au sindano inapotua mwilini, kazi ya kuweka alama ndiyo kwanza imeanza. Inakwisha siku ngozi inapofunga. Kati ya siku hizo mbili mtu hana pambo wala kinga, ana jeraha, na jeraha hilo hulindwa kwa usafi na kujizuia kuliko kwa wingi wa dawa. Madhara mengi tunayoyahusisha na wino, wembe, au hata uchawi, huingia katika siku hizo za katikati, na mara nyingi ni mikono yetu wenyewe iliyoyaingiza.

Tuanze na kinachotokea ndani ya ngozi. Tabaka lake la juu ni jembamba sana, nalo hujivua na kujizalisha upya bila kukoma. Wino ukiishia hapo utapotea baada ya wiki chache. Ndiyo maana sindano hulazimika kulivuka na kushuka milimita 1 hadi 2, mpaka tabaka la ndani lenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Tatuu ndogo tu ya jina la mtu ni maelfu ya matundu ya namna hiyo yaliyobanana mahali pamoja. Mwili hautambui kwamba umepambwa. Unaona kitu kigeni kimeingia, nao hutuma seli za ulinzi zikimeze. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa majaribio ya panya kwamba seli hizo humeza rangi, hufa na kuiachia, kisha seli nyingine huja na kuimeza tena palepale. Tatuu hudumu kwa sababu mapambano hayo hayaishi. Chale za wembe hufanya kazi kwa njia nyingine kidogo: hukata badala ya kudunga, na mara nyingi hupakwa masizi au mkaa, kama walivyofanya Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kwa mkaa wa mbegu za mbarika. Lakini kwa mwili yote mawili ni habari moja: ngozi imevunjwa, na kuna kitu kigeni ndani yake.

Mwili una utaratibu wake wa kuponya. Katika saa za kwanza damu huganda, mahali pale huvimba, hupata joto na kutoa majimaji mepesi. Katika siku zinazofuata chembechembe nyeupe za damu husafisha uchafu, huku seli za ngozi zikitambaa kutoka kingo za jeraha kuelekea katikati. Kwa tatuu ya kawaida tabaka la juu hufunga baada ya wiki 2 au 3. Chale za kina huchukua muda zaidi. Chini yake kazi huendelea kwa miezi, na wahenga walisema kweli kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Katika wiki hizo za mwanzo ngozi, ambayo ndiyo kinga yetu kuu dhidi ya vijidudu, haipo mahali pake. Kila kinachogusa sehemu ile kinagusa mwili wa ndani. Hilo likieleweka, swali la utunzaji linabadilika. Hatuulizi tena ni dawa gani ya kuponya tatuu, kwa kuwa mwili unajiponya wenyewe. Tunauliza ni nini kisiguse mahali pale hadi mwili umalize kazi yake.

Cha kwanza ni maji machafu. Mwaka 2017 madaktari wa Texas, Marekani, waliandika habari za mwanamume wa miaka 31 aliyeoga baharini katika Ghuba ya Meksiko siku 5 baada ya kuchorwa tatuu mguuni. Alikuwa na ugonjwa wa ini wa muda mrefu. Bakteria wa maji ya chumvi waliingia kupitia ngozi ile isiyofunga, sumu ikasambaa katika damu, na baada ya wiki kadhaa za kulazwa alifariki. Buleusa, kijiji chetu hapa Walikale, haina bahari, na bakteria yule si wa mito yetu. Lakini fundisho linatuhusu sisi kuliko watu wa pwani ile, kwa kuwa huku kijana anaweza kuchorwa Jumapili na Jumatatu akashuka kwenye shimo la madini ya kasiterite, maji ya matope yakimfika kiunoni, au akavuka mto unaotumiwa kwa kufulia, kuogea na kunyweshea mifugo. Maji huweza kudhuru hata kabla ya jeraha kuoshwa. Mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, huko Rochester katika jimbo la New York, watu 19 walipata vipele sugu ndani ya tatuu zao. Chanzo kilikuwa wino wa kijivu uliokuja umechanganywa tayari, ukiwa na bakteria wa jamii ya wale wa kifua kikuu ambao huishi majini na udongoni. Kosa halikuwa la mchoraji wala la sindano zake. Uchafu ulikuwemo ndani ya chupa. Kwa anayepunguza ukali wa wino kwa maji ya bomba au ya mvua, habari hiyo ni onyo.

Cha pili ni udongo na samadi. Pepopunda hutokana na bakteria anayeishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama, akiwa amejifunga ndani ya ganda gumu lisilouawa kwa urahisi na jua wala spiriti. Akiingia katika jeraha hutoa sumu inayokaza misuli, kwanza taya, kisha shingo na mgongo, na dalili huanza kati ya siku 3 na 21. Katika nchi ya ng'ombe kama Masisi, na kwa watu wanaolima kila siku, bakteria huyu yupo karibu na kila nyumba. Mwaka 2019 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wajawazito na ya watoto wachanga, maana yake katika kila eneo la afya wagonjwa ni chini ya mtoto 1 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Huo ni ushindi mkubwa, lakini ulipatikana hasa kwa kuwachanja wanawake, wakiwemo wajawazito. Kijana wa kiume haendi kliniki ya wajawazito. Alichanjwa utotoni ikiwa wazazi wake hawakuwa mafichoni mwaka ule, na kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita bila kurudiwa. Kwa hiyo yule anayepokea chale nyingi zaidi, mwanamume kijana, mara nyingi ndiye mwenye kinga ndogo zaidi. Aende kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda kabla ya kuchorwa; na aliyekwisha kuchorwa asisite kwenda leo.

Baada ya maji na udongo yanakuja yale tunayoyaweka kwa nia njema, na hapa ndipo hoja yangu inapokutana na mazoea. Ushahidi mzuri upo katika jambo linalojulikana kwa kila mama: kitovu cha mtoto mchanga. Hicho nacho ni jeraha linalojifunga lenyewe, na katika nchi nyingi watu wamekuwa wakikipaka majivu, samadi, mafuta au majani. Jaribio lililofanywa Nepal lilionyesha kwamba kukipaka dawa ya klorheksidini kunaweza kupunguza vifo vya watoto, na Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo itumike mahali ambapo vifo ni vingi, ichukue nafasi ya samadi na vitu vya namna hiyo. Lakini jaribio kubwa la kisiwani Pemba, na jingine la Zambia, hayakuonyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo kwa kiwango cha kuhesabika ikilinganishwa na kukiacha kitovu kikiwa safi na kikavu. Tukiyasoma majaribio hayo kwa pamoja tunapata funzo la busara. Dawa ina faida kubwa pale inapofukuza uchafu ambao watu wangeuweka. Pale ambapo hakuna anayeweka uchafu, faida yake hupungua. Usafi na kujizuia ndivyo vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi, hata pale sifa inapokwenda kwa dawa.

Mwingine atasema: basi alama mpya tuimwagie spiriti kila asubuhi, tuwe na hakika. Jibu lilipatikana zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alexander Fleming, ambaye baadaye aligundua penisilini, alifanya kazi katika hospitali ya jeshi la Uingereza huko Boulogne, Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliona dawa kali za kuua vijidudu zikimiminwa katika majeraha ya askari, na akaonyesha kwamba ziliua chembechembe nyeupe za damu kuliko zilivyoua bakteria waliojificha ndani. Dawa kali haichagui. Seli changa za ngozi zinazotambaa kufunga tatuu yako nazo huungua kwa spiriti. Kosa la namna hiyohiyo ni kufungua kapsuli ya antibiotiki, kama tetrasiklini au ampisilini iliyonunuliwa sokoni, na kunyunyiza unga wake juu ya jeraha. Kapsuli hiyo ilitengenezwa imezwe kwa kipimo. Unga wake juu ya ngozi huweza kuleta mzio na huganda na kufunika usaha. Pia huwafundisha bakteria kuizoea dawa, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema kwamba katika mwaka 2019 peke yake watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa kwa maambukizi yaliyozishinda antibiotiki. Tusichangie hesabu hiyo kwa jeraha ambalo halikuhitaji antibiotiki.

Yapo pia mazoea ya kinyume: kukiacha kidonda wazi kipigwe jua na upepo kikauke. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa London, alichapisha majaribio yaliyobadilisha fikra za madaktari juu ya majeraha. Aliweka majeraha madogo juu ya ngozi za nguruwe, mengine akayafunika kwa utando mwembamba wa plastiki na mengine akayaacha wazi. Yaliyobaki na unyevu yalifunga kwa kasi inayokaribia mara mbili ya yale yaliyokauka. Sababu ni rahisi: seli za ngozi hazitambai juu ya gaga kavu, hulazimika kuchimba njia chini yake. Kwa mwenye tatuu maana yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa gaga nene likibanduka huweza kuondoka na rangi na kuacha pengo katika mchoro. Lakini unyevu si kulowana. Jeraha lililozamishwa kwenye mafuta mazito, au lililofungwa kwa mfuko wa plastiki kutwa nzima katika joto na mvua za Walikale, hulainika, hubabuka, na bakteria hustawi. Tunachotafuta ni ngozi isiyopasuka kwa ukavu wala kuoza kwa majimaji.

Kutokana na hayo yote utunzaji wenyewe unakuwa mfupi wa kueleza. Siku ya kwanza anayechora aoshe mahali pale kwa upole, afunike kwa kitambaa safi au bandeji, na kifuniko kibaki kwa saa chache. Baada ya hapo mwenye alama anawe mikono yake kwa sabuni kwanza, kisha aoshe alama kwa maji safi na sabuni isiyo kali mara mbili kwa siku, bila kusugua kwa dodoki wala kitambaa kigumu. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, yaliyokusanya majaribio ya kuosha majeraha hayakupata ushahidi kwamba maji safi ya bomba huleta maambukizi kuliko maji maalumu ya chumvi ya hospitali. Na pasipo na bomba, maji yaliyochemshwa na kupozwa yanatosha. Yachemke kwa dakika 1 nzima. Kule Masisi kwenye milima inayopita mita 2,000, ambako maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi, yachemke dakika 3. Alama ikaushwe kwa kuigusagusa kwa kitambaa kilichofuliwa na kukauka juani, kisha ipakwe vazelini isiyo na manukato, kiasi kidogo tu cha kuondoa ukavu. Kopo liwe la mtu mmoja, na vidole viwe vimenawa kabla ya kuingia humo. Hadi ngozi ifunge asizamishe alama mtoni, asiiache ipigwe na jua la mchana, asivae nguo ya kubana juu yake, asiikune wala kubandua magaga hata yakiwasha namna gani. Anayebeba mzigo kwa kamba asichore mahali kamba inapopita. Anayechimba au kulima achague majuma ambayo anaweza kupumzika au kufanya kazi kavu. Hakuna katika haya kinachohitaji daktari. Kinahitajika kipande cha sabuni, sufuria ya maji, kitambaa na uvumilivu wa wiki tatu.

Kinachohitaji mhudumu wa afya ni pale mwili unaposema umeshindwa. Wekundu, uvimbe na maumivu ya siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, nayo hupungua kila siku. Yakiongezeka badala ya kupungua, ndiyo dalili ya kwanza. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu si rahisi kuuona, kwa hiyo tuamini zaidi mkono: joto linalosambaa nje ya alama, ugumu, na maumivu yanayozidi ukigusa. Usaha mzito wenye harufu, mstari wenye maumivu unaopanda kutoka kwenye alama, matezi ya kwapani au kinenani yaliyovimba, homa na kutetemeka, vyote ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Taya likikakamaa au ikawa vigumu kumeza, hata kama jeraha limekwisha kufunga, ni dharura isiyongoja asubuhi. Na kovu linaloendelea kukua miezi baadaye, likipita mipaka ya jeraha lenyewe, ni keloidi. Watu wenye ngozi nyeusi huipata zaidi, hasa kifuani, mabegani na kwenye ndewe za masikio. Aliyewahi kuipata mahali popote afikiri mara mbili kabla ya kuchora tena, kwani hakuna utunzaji unaoweza kumhakikishia kwamba haitarudi.

Lazima pia niseme wazi mahali uwezo wa utunzaji unapoishia. Kuosha vizuri kwa wiki tatu hakufuti kilichoingia kwa wembe uliotoka kwenye damu ya mtu mwingine. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kati ya watu 100 wasio na kinga wanaochomwa kwa sindano yenye damu ya mgonjwa, 6 hadi 30 huambukizwa, wakati kwa VVU ni kama watu 3 kati ya 1,000. Huko Cádiz, Hispania, mwaka 2022, watu wapatao 20 walipata mpox kutokana na duka moja la kutoboa mwili na kuchora tatuu. Na mkoa wetu una kumbukumbu nzito kuliko hiyo. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu 2,287, na ulifika hadi Pinga, hapa hapa Walikale. Katika mlipuko ule, nyumba za matibabu ambamo vifaa vilipita kutoka mtu hadi mtu zilikuwa miongoni mwa njia za maambukizi. Kwa hiyo wembe mpya kwa kila mtu ni sharti linalotangulia yote niliyoyasema. Wembe mmoja kupita katika mstari wa vijana kumi si ujasiri wala si mila. Ni hatari tunayoweza kuikataa.

Sasa nizijibu hoja za wanaopinga, kwa kuwa zina uzito. Ya kwanza ni ya wazee: babu zetu walipaka majivu na mkaa, chale zao zikapona, na tena majivu ndiyo yaliyoinua kovu likapendeza, ngozi ikitunzwa kwa sabuni na vazelini chale italala bapa. Hoja hii ina kweli ndani yake. Kovu lililoinuka hutokana na kina cha mkato, na mwasho unaoachwa ndani yake, na maumbile ya ngozi ya mtu. Lakini kitu kinachowekwa ndani ya mkato wakati wa kukata, kimeandaliwa na kuchomwa kwa moto, si sawa na majivu yanayozolewa jikoni kila asubuhi yakiwa na udongo na kinyesi cha kuku. La kwanza ni sehemu ya ufundi. La pili ni kufungua jeraha upya kila siku. Anayetaka kovu lililoinuka anaweza kulipata bila hilo la pili. Na kuhusu kupona kwa babu zetu, tunawaona waliopona kwa sababu ndio waliobaki kuonekana. Aliyekufa kwa taya lililokakamaa siku ya kumi baada ya kuchanjwa hakuacha chale ya kutuonyesha, na pengine kifo chake kilipewa jina lingine.

Hoja ya pili inatoka kwa wanaojua msitu: kuna asali, kuna mshubiri, kuna majani yaliyotibu majeraha kabla ya duka la dawa kufika Walikale. Siidharau elimu hiyo. Asali hasa imepimwa, na mapitio ya majaribio yanaonyesha kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina hupona siku kadhaa mapema yakifungwa kwa asali kuliko kwa baadhi ya vifungio vya kawaida. Lakini asali inayotengenezwa kwa ajili ya tiba husafishwa kwa mionzi, kwa kuwa asali mbichi huweza kuwa na mbegu za bakteria wa jamii moja na yule wa pepopunda. Mti nao unaweza kuwa na dawa ya kweli ndani yake, na jani lake likawa na udongo juu yake. Swali la kuuliza kwa kila jani ni jepesi: limeoshwa kwa maji gani, limetwangwa katika kinu kipi, kwa mikono ya nani? Mganga anayeweza kujibu maswali hayo matatu vizuri hana ugomvi na hoja yangu. Asiyeweza, na atumie maji yaliyochemshwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi: unawaambia watu wachemshe maji na kupumzika, hali vijiji vyao vimechomwa na wamelala kambini. Watu wa Buleusa na wa eneo zima la Ikobo wanajua maana ya kukimbia. Mapigano ya 2015 na 2016 yaliwatawanya, na mengine yamekuja baadaye. Kuni za kuchemshia maji zinaweza kumgharimu mwanamke maisha yake. Nakubali, na ndiyo maana hoja hii inaimarisha shauri langu. Chale na tatuu ni jeraha ambalo mtu anachagua siku yake. Jeraha la risasi halichaguliwi, uzazi haungoji amani, lakini tatuu inaweza kungoja mwezi wenye maji, sabuni na paa. Pale ambapo hakuna chochote kati ya hivyo, kutunza vizuri ni kuahirisha. Na kwa aliyekwisha kuchorwa kabla ya kukimbia, mambo machache hubaki yakiwezekana hata njiani: kufunika kwa kitambaa kilicho safi kuliko vingine, kutogusa, kutopaka udongo wala majivu, na kutumia lita ya kwanza ya maji salama kuosha jeraha kabla ya kuosha uso.

Hoja ya nne ni ya watu wa imani. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakataza alama mwilini, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wanasema tatuu ni haramu. Kwa nini basi tuwafundishe vijana namna ya kuitunza? Nawaheshimu wanaosema hivyo, na hawana haja ya kubadili fundisho lao. Lakini kijana anayesimama mbele yao tayari ana jeraha. Kumfundisha kuosha si kumbariki aliyemchora. Aibu ikimzuia kumwonyesha mama yake au mhudumu wa afya mkono unaovuja usaha, atauficha chini ya shati hadi homa impande, na hapo mchungaji au sheikhe ataitwa kwa kazi nyingine kabisa. Atakayepona kwanza atakuwa na muda wa kusikiliza mahubiri.

Baada ya majibu hayo tunabaki na swali la wajibu. Nani anadaiwa siku hizi za katikati? Desturi zetu zilikwisha kulijibu, sisi tumesahau tu. Katika jando la pwani ngariba hakukata na kuondoka. Vijana walikaa kumbini chini ya walezi hadi vidonda vikauke, na katika mukumo, jando la Wanyanga wa hapa Walikale, nako kutahiriwa hakukuwa jambo la siku moja. Wembe na uangalizi vilikuwa tendo moja, na aliyeshika wembe aliulizwa habari za jeraha. Tatuu ya mjini imeuvunja uhusiano huo: kijana analipa, anapanda pikipiki, anarudi milimani, na mchoraji hamwoni tena. Chale za makundi yenye silaha zimeuvunja vibaya zaidi, kwa kumpeleka kijana porini na jeraha bichi. Huo ndio uhusiano ninaoomba turudishe. Anayechora au kuchanja, awe msanii wa Birere mjini Goma au mganga wa kijijini, asipokee mtu asiyekuja na wembe au sindano mpya, amweleze kwa maneno yaliyo wazi namna ya kutunza, na amtazame tena siku ya tatu na ya saba, au amkabidhi kwa mtu atakayemtazama. Wahudumu wa kituo cha afya wampokee mwenye alama bila kumkaripia, wamchanje dhidi ya pepopunda, na wawakaribishe waganga kwenye mazungumzo juu ya usafi badala ya kuwafukuza. Wazazi waulize kabla ya kugomba. Na kijana mwenyewe ajue kwamba ujasiri wa kuvumilia sindano ni wa saa moja au mbili. Wiki tatu za kuosha, kungoja na kutojikuna ndizo zitakazoamua kama alama aliyoitaka itabaki mwilini mwake ikiwa vile alivyoitaka.